Tumsubiri Mjomba: Unasihi wa Shuleni Wakati wa Vuli Milimani Uluguru

Fomu ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Mama alikaa ukingoni mwa benchi kama abiria wa basi la alfajiri, na binti yake, mtahiniwa wa Kidato cha Nne, alikuwa ameshajaza jina na namba ya mtihani. Palipobaki wazi ni kwenye machaguo: tahasusi za Kidato cha Tano na kozi za vyuo vya kati. Hiyo ndiyo Selform, karatasi inayouliza swali gumu kuliko yote ya mtihani wenyewe. Nikamuuliza mama anaonaje. Akamtazama binti, akanitazama mimi, akasema kwa upole: "Mwalimu, tumsubiri mjomba wake."

Nilikuwa mgeni milimani na nilikereka kimoyomoyo. Chuoni nilifundishwa kwamba anayepewa nasaha ni mtu mmoja, anakaa kiti kimoja, anafungua siri zake na kuufikia uamuzi wake mwenyewe. Mjomba hakuwemo kwenye kitabu. Zilipita vuli mbili tatu kabla sijaelewa kwamba mama yule alikuwa amenijibu tayari, tena jibu kamili.

Wasomaji wa mjini wananiuliza mnasihi wa sekondari hufanya nini hasa. Nitajibu kwa kazi za miezi hii, Septemba hadi Desemba, kwa sababu ndipo kazi inapoonekana yote kwa mpigo. Waandishi wa kamusi wakitafuta neno la ule msimu wa Ulaya wa majani kupukutika huandika "vuli", lakini vuli ya Uluguru ni msimu wa kupanda. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikigusa ardhi, mahindi na maharage yanataka mikono. Upande wa mashariki unaopokea upepo wa bahari, kule Kinole, Tegetero na Matombo, mvua haiagi kabisa mwaka mzima. Upande wa Mgeta kiangazi kinajulikana, na mvua ikirudi hakuna wa kubaki nyumbani.

Sasa weka kalenda ya Baraza la Mitihani juu ya kalenda hiyo ya jembe. Darasa la Saba hufanya mtihani wao Septemba. Mwishoni mwa Oktoba ni upimaji wa Darasa la Nne. Kidato cha Pili hufuata, na asiyefikia kiwango hurudia. Novemba ni Kidato cha Nne, takriban wiki tatu za mtihani. Nyumba moja ya Nyandira yenye watoto wanne inaweza kuwa na watahiniwa watatu ndani ya miezi mitatu, shamba linasubiri mbegu na ghala la mavuno yaliyopita limeanza kuonyesha sakafu. Katikati ya hayo shule inaomba mchango wa mahafali. Mwanafunzi akija kwangu Oktoba akaniambia kichwa kinauma tangu wiki iliyopita, kabla sijamfundisha kupumua kwa utaratibu namuuliza kwanza: nyumbani mmeshapanda?

Niseme kidogo kuhusu cheo chenyewe. Wizara ilitoa Waraka wa Elimu Namba 11 mwaka 2002 kuzitaka shule ziwe na huduma ya ushauri na unasihi. Maneno hayo mawili watu huyachanganya. Katika ushauri ninakupa taarifa uliyoikosa, kwa mfano chuo fulani kinapokea wenye ufaulu gani. Katika unasihi ninakaa nawe hadi uisikie sauti yako mwenyewe, nami nanyamaza zaidi kuliko ninavyosema. Shuleni mtu wa kufanya yote mawili kwa kawaida ni mwalimu wa Baiolojia au wa Kiswahili mwenye vipindi vyake kama wenzake, na mara nyingi (wakuu wa shule wanisamehe) ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Asubuhi ameshika fimbo, mchana anavuta kiti na kusema, "Haya mwanangu, niambie." Mtoto gani atasema? Ikiwa shule ina walimu kumi tu na haiwezi kuongeza wa kumi na moja, angalau nidhamu na unasihi visikae kwa mtu mmoja.

Turudi kwa mjomba. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamake, ardhi ya ukoo imepita kwa mkondo huo tangu mababu, na kaka wa mama ana kauli kwa watoto wa dada yake. Mambo yamesogea, ni kweli. Akina baba wananunua mashamba na kuwagawia watoto wao wenyewe, misikiti na makanisa yameleta taratibu zake, na vijana wengi wamehamia mjini, Msamvu na Kihonda. Hata hivyo, jambo likihusu fedha nyingi au safari ya mbali, jina la mjomba litatajwa kabla chai haijapoa. Shule ikimwita "mzazi au mlezi" na kumjaza baba peke yake kwenye fomu, inaweza kupata saini yake ikakosa uamuzi.

Kwa hiyo kazi yangu ya Septemba ni kuita watu, na kuita kuna ufundi wake. Barua ya shule ikifika kijijini husomwa kama samansi. Ukoo mzima unawaza mambo matatu: mtoto kafukuzwa, mtoto anadaiwa, au mtoto ni mjamzito. Nimezoea kuanza barua kwa sentensi moja: "Mtoto hana kosa." Siku ya kuja naiweka iwe ya gulio, maana watu hushuka sokoni wenyewe na mizigo yao, na mjomba asiyeweza kuacha shamba kwa ajili ya shule anaweza kupita shuleni kwa ajili ya soko.

Kabla hawajaketi, nakaa na mwanafunzi peke yake. Hapo ndipo wenzangu wanaoanza kazi hukosea. Wakishagundua nguvu ya ukoo wanaukabidhi kila kitu, na mtoto anabaki mwenye fomu asiye na neno. Namuuliza mambo mawili: unataka nini, na kuna jambo lipi usingependa nilitaje mbele yao? La pili ndilo hufungua mlango. Mmoja ataniambia ameacha kumwelewa mwalimu wa Hisabati tangu Kidato cha Pili na anaona aibu kuuliza. Mwingine atasema nyumbani kuna mtu mzima anayemsumbua usiku. Hapo naeleza wazi mpaka wa siri yangu, tena naueleza kabla hajaendelea: mengi nitayafunika, lakini kama mtoto anaumizwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inanitaka nitoe taarifa, na nitaipeleka ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116, Simu ya Mtoto, hupigwa bure, na kila mwanafunzi wangu anaijua kwa kichwa hata asipokuwa na simu.

Wakishaketi, kikao hakihitaji hotuba. Mjomba mmoja aliwahi kunikatiza nikiwa katikati ya maelezo marefu: "Mwalimu, hiyo PCB ni kitu gani, na mwisho wake anakuwa nani?" Tangu siku hiyo najiandaa kwa swali hilohilo. Namwambia ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, na njia yake huelekea udaktari, uuguzi, maabara, mifugo. Namwambia kwamba tangu Machi 2024 serikali imefikisha tahasusi 65, kutoka 16 za awali, kwa hiyo zile herufi tatu alizozisikia kwa mtoto wa jirani hazimalizi orodha. Namweleza daraja: pointi 7 hadi 17 ni la kwanza, na kadiri pointi zinavyoongezeka ndivyo daraja linavyoshuka, jambo ambalo huwachekesha wazee kila mwaka. Kwa Kidato cha Tano mtoto anahitaji angalau masomo matatu yenye alama A, B au C, na pointi zisizidi 25.

Halafu inakuja fedha. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ilifutwa mwaka wa fedha 2022/23, kama ile ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ilivyofutwa kuanzia Januari 2016. Lakini mtu aliyewahi kuisoma fomu ya kujiunga na shule ya bweni anajua kwamba "bure" ina godoro, ndoo, shuka, sare mbili, karatasi na nauli ya kwenda mkoa mwingine. Mnasihi asiyeutaja mzigo huu mwezi wa Oktoba anaifanya familia igutuke katikati ya mwaka, wakati nafasi imeshatoka na siku za kuripoti zinahesabika. Nikiutaja mapema, mjomba huanza kupiga hesabu za ndizi na iliki papo hapo, na nimeona mkungu ukitengwa kwa jina la mtoto.

Na pale ambapo dalili za darasani hazielekezi Kidato cha Tano, sitafuti maneno matamu. Morogoro imejaliwa vyuo vinavyofikika kwa nauli ndogo. Ipo VETA Kihonda, ipo ya Mikumi, kipo chuo cha kilimo cha Ilonga kule Kilosa. Kijana wa Mgeta aliyekulia kwenye kabichi, karoti na njegere anajua bei ya soko na ujanja wa madalali kuliko mimi mwalimu wake. Kumwambia asome kilimo kunaweza kusikika kama adhabu, kwani nyumbani jembe ndilo analotishiwa nalo: "Usiposoma utalima!" Kazi yangu hapo ni kumwonyesha kwamba chini ya mlima uleule anaoupanda kila siku kuna Chuo Kikuu cha Sokoine, na watu wamekuwa maprofesa kwa kuchunguza mambo ambayo bibi yake anayafanya kwa mazoea.

Jambo jingine la msimu huu ni geto. Shule za kata zilizoenea katikati ya miaka ya 2000 zilisogeza sekondari karibu, ila ukaribu wa mlimani una tafsiri yake. Kilomita nane kwenye ramani zinaweza kuwa saa mbili na nusu za kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha kijito ulichokiruka asubuhi kinakukatalia njia jioni. Wazazi wanapanga chumba jirani na shule, watoto watatu wanakaa humo na jiko la mkaa na debe la unga, bila mtu mzima. Wengi wanaishi vizuri, wanapika kwa zamu, wanasoma. Wengine unga unaisha Jumatano. Mwenye bodaboda aliyewasaidia chumvi jana, kesho anataka kitu.

Mwezi wa Septemba nayazungukia mageto. Sikagui vitanda, namtafuta mama mwenye nyumba, namsalimia, namwachia namba yangu. Yeye ndiye anayejua taa inazimwa saa ngapi na nani anabisha hodi. Ninachokipigania zaidi ni kambi: watahiniwa walale shuleni hadi mtihani uishe, wazazi walete mahindi na maharage, walimu wapokezane zamu za usiku. Kambi inapingwa kwa hoja nzito, kwamba inaondoa mikono shambani wakati wa kupanda. Nimeona kikao cha wazazi kikimaliza ubishi huo chenyewe kwa kukubaliana kulimiana kwa zamu, familia zenye watahiniwa zianze. Mimi niliandika tu majina.

Kuhusu mimba, nitasema kwa kifupi kwa sababu sheria iko wazi kuliko mazoea. Tangu 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo, binti aliyeacha shule kwa kujifungua anaruhusiwa kurudi. Wazazi wengi wamebaki na habari ya zamani, kwamba ndiyo basi tena. Kwa asiyetaka kurudi kwenye darasa lilelile kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa, pale mlima unapoishia. Habari hizi nazirudia kila kikao, hata kikao kinachohusu madawati.

Nimefika kwenye jambo linalonichosha kuliko yote. Oktoba, jua likiwa kali kabla ya mvua, msichana mmoja anaanguka darasani akipiga kelele. Dakika kumi baadaye wameanguka watano. Shule nzima inakimbilia dirishani, mtu anasema mapepo, mwingine anataja kaburi lililofukuliwa wakati wa kujenga choo, na jioni simu zimeshafika milimani kote.

Nchi hii ina kisa chake mashuhuri. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikaenea, kikichanganyika na kilio, hadi kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika juu yake mwaka 1963, hawakukuta sumu wala kijidudu. Watoto wale hawakuwa wakiigiza, na hawa wangu hawaigizi. Mwili uliobeba hofu, njaa na usingizi wa saa tatu kila usiku kwa wiki nzima hutafuta mahali pa kutolea, na ukiona mwenzako ameshapata mlango, wako unamfuata.

Kwa hiyo kwanza naondoa watazamaji. Walioanguka wanapelekwa chumba chenye hewa, kila mmoja mbali na mwenzake, na mtu mzima mmoja tu, mtulivu, asiyewashikilia kwa nguvu. Waliobaki wanarudi darasani kwenye kipindi, hata kama hakuna atakayesikia neno, kwa sababu ratiba yenyewe inatuliza. Siitishi mkusanyiko wa shule nzima kuombea. Nimeona mkusanyiko wa aina hiyo ukiangusha ishirini wengine. Kisha zahanati, tena bila ubishi: malaria, kifafa na upungufu wa sukari mwilini huweza kuonekana hivyohivyo, na ni makosa kumwita mtu "mwenye hofu" kabla hajapimwa. Aliyeanguka wa kwanza ndiye ninayemsikiliza kwa muda mrefu kuliko wote. Karibu kila mara nyuma yake kuna jambo: msiba ambao hakupewa ruhusa kwenda kuzika, mwalimu aliyemtisha mbele ya darasa, posa iliyopokelewa nyumbani bila yeye kuulizwa.

Familia itataka maombi, kisomo au mganga. Sibishani nao. Ninachoomba ni mambo matatu: wafanyie nyumbani kwa utulivu, mtoto asifungiwe wala asipigwe, na Jumatatu arudi shuleni. Mjomba akishakubali Jumatatu, Jumatatu hiyo hufika. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa ukoo alinisaidia kuliko wataalamu wote: alikuja shuleni, akamsalimia kila msichana kwa jina la ukoo wake, akasema walio chini, yaani mababu, wamesikia, sasa someni. Sikupata mafunzo ya namna hiyo popote, ila kelele ziliisha.

Hofu ya kawaida ya mtihani ni rahisi zaidi, ingawa ina washauri wengi wabaya. Kila bweni lina shujaa anayekesha ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi asisinzie, akipiga msuli hadi majogoo. Nawaeleza kwamba ubongo hupanga yale uliyosoma wakati umelala, hivyo anayekesha anajaza gunia lililotoboka. Hawaniamini. Nimeacha kubishana, nawapa jaribio. Wagawane wenyewe, nusu wakeshe, nusu walale saa tano, kesho wajibu maswali kumi. Matokeo huwa yanazungumza kuliko digrii yangu.

Mtihani ukiisha mwishoni mwa Novemba, shule nyingi hufunga faili la Kidato cha Nne. Mimi naona ndipo kipindi cha hatari kinapoanza. Kijana amekaa nyumbani bila kazi maalumu, marafiki wanashuka mjini kutafuta vibarua, matokeo hutoka Januari. Na matokeo yakitoka kuna muda maalumu ambapo mfumo wa TAMISEMI hufunguliwa ili mhitimu abadilishe machaguo yake ya Selform kulingana na alama alizopata. Aliyechagua PCB akapata C ya Kiswahili, Historia na Kiingereza ana nafasi ya kujirekebisha, endapo atapata habari kabla dirisha halijafungwa. Yeye yuko juu kabisa Kibungo, mtandao unakamata kwenye jiwe moja tu, na simu ya baba imezimwa tangu Krismasi.

Ndiyo maana daftari langu la vuli lina safu tatu: jina la mwanafunzi, namba ya mama, namba ya mjomba. Yule binti wa Selform nilimfuata kwa namba ya tatu, saa mbili usiku, mvua ikipiga bati upande wake hadi nikawa nasikia nusu ya maneno. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akauliza nauli ya kufika huko ni shilingi ngapi, akanyamaza kidogo akihesabu. Kisha nikamsikia akimwita kwa sauti ya mtu aliyesimama juu ya jiwe: "Njoo, mwalimu anataka kuongea na wewe."